Baba Mkubwa wa Bluff

Juzi walikuja kukata majani nje ya ukuta wa kiwanda chetu huku Jacobs, Durban. Wanaume wawili na zile mashine za kubeba begani, zenye kamba inayozunguka chini. Dirisha la chumba cha kupakia lilikuwa wazi, kwa hiyo harufu iliingia yote: majani mabichi yaliyochanika, petroli, udongo kidogo. Wenzangu walilalamika, mmoja akakimbia kulifunga dirisha. Mimi nilibaki nimeshika katoni kifuani kama mtu aliyesahau anakwenda wapi. Bibi alikuwa ameingia na ile harufu.

Nisiwadanganye, mimi si mtu wa kuandika. Shule niliiacha mapema, na haya ninayoyaandika jioni huyasoma mwenyewe kesho yake nikaona nusu yake sina hakika nayo. Lakini siku ile ninaikumbuka, au ninafikiri ninaikumbuka. Pale ambapo sijui, nitasema sijui.

Nyinyi mliokuwa watoto wakati ule mtakumbuka shule zilivyokuwa. Ubaguzi wa rangi ulikuwa umeondolewa karibuni tu, kila mwalimu anatafuta namna mpya ya kufundisha mambo ya zamani. Yetu ilikuwa Chatsworth, shule ya Wahindi, na sisi watoto wa Wazanzibari, kizazi cha watumwa waliokombolewa na kushushwa Durban zamani za Waingereza, tulikuwa wachache ndani yake. Serikali ya makaburu ilishindwa kujua ituweke wapi, ikatuandika Waasia wa aina nyingine, ikawatoa wazee wetu kilimani Bluff kwa malori na kuwaleta Chatsworth. Bibi, mama yake baba yangu, alilisimulia lile lori kila mara umeme ulipokatika. Lilikuwa la kijani. Lilivunja kabati lake la vyombo. Dereva alikuwa na haraka, lakini alimsaidia kumbeba kuku. Bibi hakuacha kumtaja dereva kwa wema, hata akiwa amekasirikia kabati.

Mwalimu wetu wa historia alikuwa Bi Govender. Tulimwita Mem, kama tulivyowaita walimu wote wa kike. Mwembamba, sauti ya chini, chaki kwenye nywele. Muhula ule alitufundisha habari za Wayahudi wa Ulaya. Alieleza jinsi walivyoshonewa alama ya njano kwenye nguo, jinsi walivyogongewa mlango na kuambiwa wafungashe wanachoweza kubeba, jinsi mitaa yao ilivyobaki na watu wengine ndani. Mimi nikanyoosha mkono.

"Mem, na lori lilikuwa la kijani?"

"Lori gani?"

"Lililowatoa Bluff."

Vicheko vilipasuka. Mvulana wa nyuma yangu, Prakash, akagonga meza. "Eish! Huyu anafikiri bibi yake ni Myahudi!"

Kwa kweli ndivyo nilivyofikiri. Si Bibi mwenyewe, ila niliamini hao Wayahudi walikuwa majirani zake, nyumba mbili tatu kutoka kwake, na lori liliwachukua wote siku moja. Leo ninajua si kitu kimoja, na sitaki mtu aseme nimesema ni kimoja. Wale walipelekwa kuuawa. Sisi tulipelekwa Chatsworth, kwenye nyumba zisizo na milango ya ndani, tukalia, tukaishi. Lakini Mem hakunicheka. Aliweka chaki chini, akauliza kama bibi yangu bado yupo hai. Wiki iliyofuata akatangaza safari: asubuhi makaburi ya Wayahudi wa Durban, mchana makaburi yetu ya zamani kule Bluff.

Nyumbani tulikuwa tunakula wali na dengu. Baba alikuwa ametoka zamu ya bandarini, bado ana vumbi la mizigo kwenye kope.

"Makaburi ya Wayahudi," alisema. "Ya nini?"

"Ya historia."

"Historia imo kitabuni."

"Mem anasema nyingine imo ardhini."

Baba akaweka kijiko. Hakuniambia mimi, alimwambia Bibi. "Mama, nitawajibu nini watu msikitini? Ijumaa tunawaombea Wapalestina, Jumatatu mtoto wangu yuko kwa Wayahudi?"

"Hao waliolala pale wamempiga nani Palestina?"

"Sijasema hivyo."

"Basi umesema nini, mwanangu?"

Baba hakuwa mtu mbaya, naomba mlielewe hilo. Aliona watoto wa Palestina kwenye televisheni akakosa usingizi, kweli kabisa, nilimsikia akitembea sebuleni. Na watu wa msikitini wangesema, na walisema. Wazazi wengine wawili waliwakataza watoto wao, na Mem hakuwasema vibaya mbele yetu. Bluff nako kulikuwa na maneno yake. Wazee wetu wengine walidai ile ardhi wairudie, wengine walisema tulipwe tu yaishe, na wanaoishi kule sasa walisema hapakuwahi kuwa na mtu. Baba alichoka na maneno ya pande zote.

Mwishowe akasema, "Aende na mtu mzima wa kwetu, basi."

"Mimi nitakwenda," Bibi akasema.

"Wewe? Na wanawake kwenda makaburini, Mama, unajua Maulana anasemaje."

"Maulana kijana mzuri sana. Mimi nilikwenda makaburini kabla mama yake hajaolewa."

"Na Bluff je? Basi litafika Bluff."

Bibi akainuka kwenda kutafuta chumvi. Chumvi ilikuwa mezani. "Bluff nitakaa ndani ya basi," akasema, mgongo ukiwa kwetu.

Hapa inabidi niwaambie jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa silijui. Watu walipomuuliza Bibi ana watoto wangapi, alijibu, "Watano hapa, na Omari yuko Bluff." Hakubadilisha hata neno. Omari alikuwa mtoto wake wa kwanza. Alikufa mchanga, hata kukaa alikuwa bado, akazikwa kule juu nyuma ya msikiti. Wakubwa wote walilijua hilo, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kunieleza. Nami nilisikia nilichosikia: nina baba mkubwa anaitwa Omari, anakaa Bluff kwa matajiri, ana gari bila shaka, na ana majivuno kiasi kwamba haji hata Idi kumsalimia mama yake. Nilimchukia kidogo. Pia nilitamani kumwona. Usiku wa kuamkia safari nilipanga nitakavyomwambia: shikamoo Baba Mkubwa, Bibi hajambo, mbona huji?

Asubuhi Bibi alipanda basi la shule amevaa nguo yake ya Idi, na kwenye mfuko wake wa plastiki kulikuwa na chupa ya maji na kifagio kifupi.

"Gogo, unakwenda kutufagilia basi?" Prakash akauliza. Alimwita Gogo kama watoto wote walivyowaita bibi za watu mtaani, kwa Kizulu.

"Nikufagilie wewe kwanza hayo makombo mdomoni."

Basi zima likacheka, Prakash naye. Mimi niliona aibu ya fagio. Sikujiuliza mtu anayekusudia kubaki ndani ya basi analibebea nini.

Makaburi ya Wayahudi yalikuwa na ukuta na geti, na mawe yaliyosimama yenye maandishi ya kona kona ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuyasoma. Mem alitukusanya kivulini akaanza kueleza. Bibi hakusimama kusikiliza. Alizunguka polepole, akisoma makaburi kama mtu anavyokagua nyumba ya mwenzake: hili limetunzwa, hili limeachwa. Nikamfuata. Akasimama mbele ya kaburi moja la jiwe jeusi linalong'aa. Juu yake palikuwa na mawe madogo madogo, ya kijivu, ya kahawia, moja jeupe.

"Tazama," akanong'ona. "Wahuni hawa. Wamewatupia mawe."

"Nani, Bibi?"

"Watoto wasio na adabu. Hata sisi Bluff walituvurumishia mawe juu ya ukuta. Kaburi ni kaburi, mjukuu wangu, la nani usiulize."

Kwetu kaburi husafishwa. Unang'oa majani, unafagia, unanyunyiza maji, unasoma dua. Jiwe linakaa kichwani na miguuni, hilo ndilo lake, lakini jiwe lililoachwa hovyo juu ya maiti ni kama mtu amemtemea. Kwa hiyo Bibi alishika pembe ya mtandio wake akautanua, akaokota yale mawe yote. Nilimsaidia. Tukaenda kwenye kaburi la pili, na la tatu, na safu nzima ile. Mawe tukayaweka vizuri kando ya ukuta. Kisha akafagia. Ninakumbuka jinsi alivyopendeza akifagia, ameinama kutoka kiunoni, mkono mmoja mgongoni, hatimui vumbi hata kidogo.

Tulikuwa bado tunafagia alipokuja mzee mmoja wa Kizungu, kofia kichwani, anatembea kwa mkongojo. Alikwenda moja kwa moja kwenye lile kaburi jeusi akasimama. Akatazama kulia, akatazama kushoto, safu nzima imeng'aa.

"Nani ameyaondoa mawe?" aliuliza. Kwa Kizulu, kile cha watu waliouza dukani maisha yao yote.

Bibi alinyooka, amejaa fahari. "Ni mimi, baba. Wahuni walikuwa wamewatupia. Usijali, nimesafisha."

Midomo ya mzee ilicheza. Nilifikiri atapiga kelele, nikamtafuta Mem kwa macho, naye alikuwa anakuja mbio kwa kuwa tayari alikuwa ameona. Lakini yule mzee alikaa tu kwenye ukingo wa kaburi, akavua miwani, akaanza kucheka, au kitu kinachofanana na kucheka.

"Gogo," akasema, "yale mawe ni watu. Mtu akija kumwona marehemu anaweka jiwe, ili ijulikane alikuja. Lile jeupe ni la binti yangu, alilitoa kwao Johannesburg. Huyu hapa ni mke wangu."

Bibi akaziba mdomo kwa mtandio. "Ewe Mola wangu," akasema. "Nimewafukuza wageni wako."

Darasa zima lilikuwa limetuzunguka. Hakuna aliyecheka, hata Prakash. Mem akasema sote tuyarudishe, na tukayarudisha. Haikuwezekana kujua lipi lilikuwa la nani, isipokuwa lile jeupe. Mzee akasema haidhuru, waliokuja walikuja. Bibi alirudisha mengi kuliko sote. Mzee akamwambia, "Na wewe weka la kwako, umekuja." Bibi aliokota jiwe, akalishika muda, akalirudisha chini. "Sijui kama kwetu linafaa, baba. Usinichukie." Mzee akasema hamchukii. Hadi leo sijui kama ilikuwa dini au haya iliyomzuia. Sikumuuliza.

Mtoto mmoja akamuuliza yule mzee kama mama yake naye amelala pale. Akasema hapana. Mama yake alibaki Ulaya yeye alipotumwa huku kijana, na waliokuja kuwaua hawakuacha kaburi. Alilisema bila kupandisha sauti, kama anataja bei. Mem alikuwa ametueleza hayo kwa wiki kadhaa, na ramani ubaoni, lakini ni pale nilipoelewa kuwa yalimpata mtu mwenye mama.

Kisha akamgeukia Bibi. "Na wa kwako, Gogo, wako wapi?"

"Chatsworth wengine. Mwanangu wa kwanza yuko Bluff."

"Unakwenda kumwona?"

"Sijakwenda tangu walipotuhamisha."

"Ni mbali?"

Bibi alikung'uta vumbi kwenye mtandio. "Si mbali," akasema.

Mzee alisogeza jiwe jeupe kidogo kwa kidole, likae katikati.

Ndani ya basi Bibi alikaa dirishani ameshika chupa ya maji kwa mikono miwili. Baadaye sana, nilipokuwa mkubwa, aliniambia alichokuwa nacho moyoni. Siku ya lori alikwenda kumuaga Omari, akamwambia, Ijumaa nitakuja. Ijumaa ile hakujua hata basi la kumtoa Chatsworth linapita wapi. Iliyofuata Baba, mtoto mdogo wakati ule, alikuwa na homa. Ikapita miezi, na kila ilivyopita aibu ilikua, hadi akawa kama mtu anayemkwepa aliyemkosea njiani. Hayo mimi sikuyajua. Tulisimama kwenye robot, taa za barabarani, nikamvuta nguo.

"Bibi, Baba Mkubwa Omari anajua kama tunakuja?"

Aligeuka akanitazama kama ananiona mara ya kwanza siku ile. "Sijui," akasema. "Natumaini."

Tulipofika Bluff hakubaki ndani ya basi. Alikuwa wa kwanza kushuka.

Palikuwa mteremko wenye majani marefu na vichaka. Juu kidogo palikuwa na mabaki ya ukuta, na wanaume wawili walikuwa wanakata majani kwa mashine, ile harufu imetanda hadi barabarani. Mwanamume mmoja alitoka nyumba ya jirani na mbwa wake, akauliza tunatafuta nini. Mem akaeleza. Yule mtu akasema amenunua hapa miaka mingi iliyopita, aliambiwa ni msitu tu, hakuna aliyewahi kumwambia habari ya makaburi. Alisema kwa ukali kidogo, labda kwa kuogopa tumekuja kuidai nyumba yake. Sijui. Lakini mkewe alituletea maji baridi na vikombe, na mashine za majani zilinyamazishwa kwa sababu mume mwenyewe aliwaomba wale wakataji. Hayo nayo lazima yasemwe.

Mimi nilikuwa natazama nyumba. Kulikuwa na moja nzuri, veranda nyeupe, gari la bluu.

"Ni ile, Bibi? Ile ya gari?"

"Ile ya nini?"

"Ya Baba Mkubwa."

Bibi alikuwa ndani ya majani hadi magotini. Alisimama. Nilimwona anaelewa, na kuelewa kwake kukanitisha kuliko kama angekasirika. Akaja akanishika mkono.

"Yuko hapa, mwanangu," akasema. "Chini. Alikuwa mdogo. Mdogo kuliko wewe, mdogo kuliko mkoba wako."

Sikulia. Nilihisi aibu tu, na kitu kama kudanganywa, ingawa hakuna aliyenidanganya. Bibi akanipa ile chupa niishike, akaanza kutafuta. Palikuwa na mzambarau zamani, alisema, na kaburi lilikuwa chini yake, upande wa kuchwea jua. Mzambarau haukuwepo. Alipanda hadi ukutani akashuka tena. Alifunua majani kwa fagio, akakuta jiwe, akainama, akatikisa kichwa, akaenda mbele. Watoto wengine walianza kumsaidia kupasua majani, Prakash akiita, "Gogo, huku! Huku liko dogo!" Dereva akapiga honi. Mem alimtazama dereva, akatazama saa, akamwendea, na sijui alimwambia nini ila honi haikulia tena.

Kisha Bibi akapiga magoti. Lilikuwa kaburi fupi, urefu wa mkono wangu, mawe mawili yamezama nusu. Alilisafisha kwa vidole kwanza, halafu kwa fagio. Akaniita.

"Njoo umsalimie."

Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha, na sikuwa na maneno mengine. "Shikamoo Baba Mkubwa," nikamwambia mtoto mchanga. "Bibi hajambo."

Bibi akacheka na machozi yakatoka kwa pamoja. Akamwagia maji, akasoma Fatiha, na wale watoto wa Kihindu na wa Kikristo wakainamisha vichwa kwa sababu walimwona Mem ameinamisha chake. Tulipokuwa tunarudi, Mem aliuliza taratibu, "Umelipata, Gogo?"

"Nimelipata, mwalimu. Mungu akulipe."

Baba aliposikia hakula jioni ile. Hakuwahi kupaona mahali alipolala kaka yake. Kabla ya mwezi kwisha alimpeleka Bibi mwenyewe kwa gari la kuazima, na tangu hapo ikawa desturi kila Idi, sote, na fagio. Alipomjibu Maulana kuhusu wanawake na makaburi, alisema tu, "Huyo ni mama yangu." Maulana naye, kwa haki yake, hakurudia tena.

Idi moja Baba alikwenda na ndoo ya chokaa kuyapaka yale mawe mawili. Mimi na Bibi tulikaa kando kwenye mkeka. Baba alipaka kwa uangalifu, ulimi nje kama mtoto wa shule, akimsemesha kaka yake habari za bandarini. Nilikuwa nimeanza kukua, na macho yangu yalikuwa yameanza kuona. Kutoka pale tulipokaa nililiona shina la zamani la mzambarau, limekatwa usawa wa ardhi, mbali kabisa na kaburi letu, na kulizunguka hapakuwa na kitu ila kichaka kisichopitika.

"Bibi," nikauliza polepole, "siku ile ulijuaje kuwa ni lile?"

"Sikujua."

"Sasa huyu ni nani?"

Alimtazama Baba anavyopaka. "Ni mtoto," akasema. "Alikuwa hana mtu."

"Na Omari?"

"Labda kuna mama mwingine," akasema Bibi, "amekuja akakosea njia, akamfagilia wangu."